Marabu wa Nyayo
Leo nimetoka South B, mtaa wa Nairobi, na baiskeli saa kumi na mbili unusu, kabla magari hayajabanana, kamera ikining'inia kifuani. Taabu ya kupiga picha za ndege kwa baiskeli ni moja: macho yanataka kuangalia mitini, mashimo yanataka uangalie barabara. Pale mzunguko wa barabara wa uwanja wa Nyayo nikachagua mitini. Gurudumu la mbele likazama shimoni, nikajikuta nimeukumbatia usukani. Jamaa wa bodaboda akaniuliza, "Mkubwa, kwani umepoteza nini huko juu?"

Nilikuwa nikimwinda marabu, yule korongo mwenye upara na mfuko shingoni. Wamejaa kwenye migunga ile, juu ya kelele zote za matatu. Nilisimama, mguu mmoja ukingoni mwa barabara, nikavuta lenzi hadi miguuni pake. Ni myeupe kama iliyopakwa chokaa, lakini chini ya weupe huo ngozi ni nyeusinyeusi. Chokaa yenyewe ni kinyesi chake. Hujinyia miguuni ili kujipoza. (Helmeti yangu pia ilipozwa, asanteni.)

Baadaye nikapitia msitu wa Karura, ambako baiskeli zinaruhusiwa na hakuna wa kukupigia honi. Nikaegemeza baiskeli mtini nibadilishe lenzi. Kima mmoja akashuka taratibu, akanikagua, akatia mkono kikapuni na kuondoka na ndizi yangu. Nilibonyeza mara tisa. Picha nane ni ukungu mtupu. Ya tisa ina mkia.