Mbili Ipi?

Jumapili usiku. Mpwa wangu aliyeko Mwanza amenunuliwa Street Fighter 6, gemu ya mapigano, na tangu juzi ananiandikia WhatsApp kila anapokwama. Jana aliniuliza namna ya kuitoa ile ngumi ya mpiganaji Ryu inayopanda juu, Shoryuken, nami nikamjibu kwa alama nne tu: 623P. Baada ya nusu saa akarudi: "Shikamoo mjomba. Nimefanya kama ulivyosema, lakini Ryu anaruka tu." Nilimwitikia marahaba, nikamwambia aongeze kasi, nikalala. Leo asubuhi, nilipokuwa nikibonyeza namba ya siri ya M-Pesa, ndipo nilipoliona kosa langu, kwa sababu kwenye vitufe vya simu 6 iko kulia, 2 iko juu, na 3 iko juu upande wa kulia. Mtoto alikuwa ameyafuata maandishi yangu bila kukosea hata hatua moja: alisukuma mbele, akasukuma juu, akamalizia juu-mbele pamoja na ngumi. Ryu angefanya nini zaidi ya kuruka?

Nilipaswa kumwambia tangu mwanzo kwamba namba hizo hazisomwi kwenye simu, bali kwenye vitufe vya namba vilivyo upande wa kulia wa kibodi ya kompyuta, ambavyo vimepangwa kama vya kikokotoo cha dukani: 7, 8 na 9 juu, 4, 5 na 6 katikati, 1, 2 na 3 chini. Kidole kikiwa kwenye 5, hapo ndipo fimbo ya kuchezea inapotulia, na kila namba inayoizunguka ni upande ambao fimbo inaweza kusukumwa. Kwa hiyo 2 ni chini, 8 ni juu, 6 ni mbele na 4 ni nyuma, na ile P ya mwisho ni ngumi. Shoryuken ni mbele, chini, kisha chini-mbele, ilhali Hadoken, ule mpira wa nguvu unaorushwa kwa viganja viwili, ni 236P, yaani robo duara kutoka chini hadi mbele. Nimeyaandika haya kwa miaka mingi kiasi kwamba nilisahau jinsi yalivyonisumbua yalipokuwa mageni kwangu, na hilo ndilo lililonikalisha na daftari usiku huu.

Mimi sikuanza kwa maandishi. Nilianzia Tanga, katika kibanda cha gemu chenye televisheni mbili na benchi moja, kwenye Tekken 3, gemu nyingine ya mapigano, na elimu yote ilikuwa ya kutazama vidole vya kaka aliyekaa karibu nawe. Aliyekuwa na moyo mzuri alikuambia: "Dogo, mbele, chini, mshazari, pembetatu." Nikirudi nyumbani nilichora hayo katika daftari la shule, mshale wa kulia, mshale wa chini, mshale wa mshazari, halafu pembetatu ndogo ya kitufe cha pedi, na kesho yake ngumi ya mpiganaji wangu Jin ilitoka kwa bahati tu. Nilichokosa kilikuwa ndani ya orodha ya gemu yenyewe: baada ya mshale wa kwanza kulikuwa na nyota ndogo, nami niliidhani pambo. Nyota ile ilimaanisha kuachia. Unagusa mbele, unauachia mshale urudi katikati, ndipo unashuka chini. Hakuna kaka yeyote aliyenieleza, kwa sababu vidole vyao viliachia vyenyewe, na mtu hawezi kukuambia jambo ambalo hajui kwamba analifanya.

Miaka ikapita kabla sijaona jinsi wachezaji wa Tekken wanavyoandika ngumi ileile: f,n,d,d/f+2. Herufi ni za Kiingereza, f ni mbele, d ni chini, na ile n ndiyo nyota yangu, kutulia. Lakini ile 2 haikuwa upande wowote. Tekken, tangu ilipoanza mwaka 1994, kila kitufe chake ni kiungo cha mwili: 1 ni mkono wa kushoto, 2 mkono wa kulia, 3 mguu wa kushoto, 4 mguu wa kulia. Kwenye pedi ya PlayStation hizo ni mraba, pembetatu, eksi na duara, kwa mpangilio huohuo. Nilipolitambua hilo nilirudi kwenye daftari la zamani, nikaiona kila pembetatu kuwa ni mkono wa kulia wa mtu, na nikaelewa kwa nini baadhi ya kombo, yaani mapigo yanayounganishwa, zilikuwa zinatiririka: mwili wenyewe unatoka kushoto kwenda kulia. Hata ukubwa wa herufi una kazi yake, kwa kuwa f ndogo ni kugusa na F kubwa ni kushikilia. Mpaka leo naona Tekken haifai kuandikwa kwa mtindo mwingine, kwa sababu mtindo wake unakuonyesha mwili.

Ndiyo kusema 2 ina maana tatu katika maisha yangu: kwenye simu ni juu, kwenye kibodi ni chini, na kwenye Tekken ni mkono wa kulia. Nadhani mtu aliyekulia katika Kiswahili ana mahali pa kuanzia hapa. Mshale mfupi wa saa ukielekea 8, sisi husema saa mbili bila kusita, kwa maana tangu utotoni tumezoea kusoma namba iliyo upande wa pili wa ile inayoonekana. Nilipokuwa nikijifunza mtindo wa kibodi niliutumia uzoefu huo kwa makusudi: kila nilipoona 2 nikaiona ya simu, nilijikumbusha kwamba iko pale ilipo 8, kama saa. Zoezi hilo lilinichukua wiki kadhaa, nikiwa na kikokotoo kando ya pedi, kisha siku moja halikuhitajika tena.

Kuna pia mtindo wa wachezaji wa Marekani, ambao niliupitia haraka na sikuupenda. Street Fighter II, iliyotoka mwaka 1991, ilikuwa na vitufe sita, na huko vilijulikana kwa majina: ngumi zilikuwa Jab, Strong na Fierce, mateke yalikuwa Short, Forward na Roundhouse. Tatizo ni kwamba Forward kwa Kiingereza ni "mbele", hivyo msomaji mgeni anapokutana na neno hilo hana hakika kama asukume fimbo au apige teke la kati. Miondoko nayo ilifupishwa kwa herufi: QCF ni robo duara kwenda mbele, HCB ni nusu duara kurudi nyuma, na DP ni kifupi cha Dragon Punch, jina la Kiingereza la Shoryuken. Hiyo DP hutumiwa hata kwa wahusika wengine ambao ngumi zao zinatolewa kwa mwendo uleule, na kwa aliyekwisha kujua inatosha kabisa. Kwa anayejifunza haisemi lolote kuhusu mkono.

Mtindo wa namba niliukuta katika maelezo ya kombo yaliyoandikwa kwa Kijapani. Sikuelewa neno hata moja la pembeni, ila katikati ya mstari kulikuwa na 2MK > 236P, nikaishika pedi: chini pamoja na teke la kati, kisha, kabla mguu haujarudi, robo duara na ngumi. Ikatoka. Mtu nisiyemjua, wa lugha nisiyoijua, alikuwa amenifikishia mkononi kitu ambacho yule kaka wa Tanga hakuweza kunifikishia kwa lugha yangu mwenyewe, na hata sasa nikikumbuka nasisimka. Baadaye nikaona wapenzi wa Guilty Gear, gemu nyingine ya mapigano, wanavyoandika 5P kwa ngumi ya kusimama, na hapo ndipo nyota yangu ya utotoni ilipopata namba: kutulia ni 5. Mabano ya mraba ni kushikilia, kama [4]6P ya Guile wa Street Fighter, ambaye lazima arudishwe nyuma kwa muda kabla hajasukumwa mbele.

Mtindo huu nao una mtego wake. Mnyakuo mkubwa wa Zangief, naye wa Street Fighter, huandikwa 360, nami nilisukuma 3, nikasukuma 6, nikaitafuta 0 ambayo haimo kati ya pande. Ile 360 si orodha ya pande, ni nyuzi za duara zima, na inakaa katika mstari mmoja na namba za kibodi bila alama yoyote ya kuitenganisha. Ningependa waandishi wa miongozo waandike mzunguko wenyewe, 63214789, hata kama ni mrefu.

Jioni nilichora vile vitufe tisa kwenye karatasi, nikaweka mshale kwenye kila namba, nikapiga picha na kumtumia mpwa wangu pamoja na maneno ya kumtaka radhi. Alijibu kwa swali: "Sawa mjomba. Sasa nikiwa upande wa kulia wa skrini, 6 si itanipeleka mbali naye?" Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuuliza nikiwa na umri wake. Nilimwandikia kwamba namba huandikwa kana kwamba mchezaji wako anatazama kulia siku zote, hivyo asiisome 6 kuwa kulia, aisome kuwa ni kumwelekea adui. Ukibadilishana naye upande, mkono wako ndio unaogeuka, na maandishi yanabaki yalivyo.

Saa tatu na robo imeingia video fupi. Televisheni inang'aa upande mmoja, vidole vyake havionekani vizuri, ila sauti yake inasikika akihesabu taratibu, "sita, mbili, tatu," na Ryu anapanda.