Siku tano barabarani na mjomba, tukikagua nyumba za watu

Mjomba alipokuja kunitembelea hapa Columbus, Ohio, wiki ya kwanza alilala tu, ya pili akaanza kukagua nyumba yangu. Alizigonga kuta kwa kidole, akasikia zinaita kama debe tupu, akanigeukia: "Na hii nayo unalipia kodi?" Mjomba amekuwa mwashi Tanga zaidi ya miaka 40. Kwake yeye ukuta usio wa tofali wala jiwe ni pazia.

Nikaona nimtafutie zege la kuangalia. Mwendo wa saa nne kwa gari kuelekea mashariki, huko Mill Run, Pennsylvania, ipo Fallingwater, nyumba aliyoibuni Frank Lloyd Wright, mbunifu maarufu wa majengo wa Marekani, ikajengwa juu ya maporomoko ya maji. Nilianza na hiyo moja, lakini kila nilipofungua ramani nyumba zikaongezeka. Mwisho zikawa nne, siku tano, kama kilomita 2,100 kwenda na kurudi.

Nyumba hizi huendi ukabisha hodi. Tiketi zinakatwa mapema, unapangiwa saa yako, na kila moja ina siku zake za kufunga. Fallingwater, kwa mfano, Jumatano haifungui, na mtoto wa chini ya miaka sita haruhusiwi ndani, kwa hiyo mwanangu alibaki na mama yake akilia mlangoni. Nilichofanya ni kuanza na ile yenye nafasi chache kuliko zote, Miller House ya Indiana, ambayo watu hupelekwa na basi dogo kutoka kituo cha wageni. Nilipoipata ya Jumamosi, zile nyingine nikazizungushia hapo: Alhamisi Pennsylvania, Jumapili Illinois.

Kosa nililifanya kwenye hoteli. Miller House iko mji unaoitwa Columbus, wa Indiana, na mimi nakaa Columbus, ya Ohio. Usiku nimechoka, nikaandika "Columbus", nikalipa. Siku mbili kabla ya safari mjomba ndiye aliyechungulia simu akaniuliza mbona hoteli ipo karibu na duka tunalonunulia unga. Ilikuwa dakika kumi kutoka kitandani kwangu. Pesa hazikurudi.

Alhamisi tukatoka saa kumi na moja alfajiri na chupa ya chai na vitumbua. Kule milimani mtandao wa simu ulitutupa mkono, bahati nzuri ramani nilishaihifadhi.

Fallingwater unaisikia kabla hujaiona. Wright aliichora mwaka 1935 kwa ajili ya Edgar Kaufmann, tajiri mwenye duka kubwa Pittsburgh. Familia ilitegemea nyumba ya kukaa na kuyatazama maporomoko. Wright akaiweka juu ya maporomoko yenyewe, ili wayasikie badala ya kuyatazama. Vibaraza vya zege vimechomoza juu ya mto, mbele hakuna nguzo hata moja. Watu wote kwenye kundi letu walikuwa wanapiga picha. Mjomba alifumba jicho moja, akanyoosha kidole gumba kama timazi, akanong'ona, "Kimelala hiki."

Ndani, dada aliyetutembeza alipotuuliza kama kuna swali, mjomba akaniambia nimtafsirie: mbao za kushikilia zege walizitoa baada ya siku ngapi? Yule dada alicheka, akaacha maelezo aliyozoea na kutusimulia habari yenyewe. Wahandisi wa Kaufmann walikuwa na wasiwasi na hesabu za Wright, na nondo zikaongezwa karibu mara mbili bila ridhaa yake. Wright alipojua alikasirika. Hata hivyo, mbao zilipotolewa zege likashuka, na likaendelea kushuka miaka yote hadi ncha ya kibaraza ikawa imezama kama sentimita 18. Mwaka 2002 ndipo mafundi walipofumua sakafu, wakapitisha nyaya za chuma kwenye mihimili na kuzikaza, zege lisishuke zaidi.

Nilipomaliza kumtafsiria, mjomba alisema maneno mawili tu: "Nondo za juu." Baadaye kwenye gari alinieleza. Zege lililokaa juu ya kuta mbili linavutika chini, kwa hiyo nondo unazilaza chini. Lakini kibaraza kilichoshikwa upande mmoja kinavutika juu, na nondo lazima ziwe juu. Tanga amevunja vibaraza kadhaa vya madukani ambavyo fundi alilaza nondo chini kwa mazoea. Alifurahi, nakiri kwa namna isiyo ya adabu sana, kwamba na Wright naye yalimpata.

Lakini asidhaniwe alidharau. Mbele ya meko alisimama hadi tukaitwa. Jiwe la pale pale kilimani limeachwa likachomoza sakafuni, nyumba ikajengwa kulizunguka. Sakafu ya mawe yote imepakwa nta ikang'aa kama maji, jiwe peke yake likaachwa kavu, kama mwamba uliotoka mtoni. Dari ndiyo iliyomshinda. Mahali pengine haifiki mita mbili, na mjomba ni mrefu. Alitembea ameinama kama anayeingia banda la kuku.

Mchana tukaenda Kentuck Knob, kilomita chache tu kutoka hapo. Ni ya Wright pia, ilikamilika mwaka 1956, akiwa mzee kabisa, na aliyejengewa alikuwa mfanyabiashara wa aiskrimu. Watu wengi huiruka kwa kuwa haina maporomoko. Mimi nasema kama una tiketi ya moja tu na hupendi msongamano, chukua hii. Imejificha chini kidogo ya kilele, jiwe na mbao nyekundu, na ramani yake yote imekatwa kwa pembe sita; pembe mraba unaitafuta. Kwenye paa la barazani kuna matundu ya pembe sita, jua linashuka chini likiwa na umbo hilo hilo. Huko nje kwenye majani, usiniulize kwa nini, kuna kipande cha ukuta wa Berlin na vibanda vyekundu vya simu vya Uingereza, vya Lord Palumbo, Mwingereza aliyeinunua nyumba mwaka 1986.

Nilidhani pembe sita zitamshangaza mjomba. Akaniambia hata kwetu chumba cha nyumba ya mawe ya zamani kilipimwa na boriti: mkoko haukupi urefu zaidi ya ule, basi chumba hakizidi hapo, nyumba nzima inafuata. "Huyu kipimo kajichagulia mwenyewe," akasema. "Sisi tulichaguliwa na mkoko."

Ijumaa ilikuwa ya barabara tu. Tukapita nyumbani tukaoga, nikamtuliza mtoto, tukaendelea Indiana.

Columbus ya Indiana nilimficha mjomba hadi dakika ya mwisho. Baba yangu aliendesha malori Tanga hadi bara, na jina alilolitaja kuliko la watoto wake lilikuwa Cummins. Injini hizo zilianzia kwenye mji huu mdogo mwaka 1919. Bosi wa kampuni, J. Irwin Miller, alipenda majengo mazuri, na mfuko wa kampuni ukawa unawalipia wabunifu ada yao mji ulipojenga shule na majengo mengine ya umma. Ndiyo maana unakata kona, unakutana na kanisa la mwaka 1942 lililobuniwa na Eliel Saarinen, kona nyingine jengo la mtu mwingine maarufu. Nyumba yake mwenyewe Miller alimpa Eero Saarinen, mtoto wa huyo Eliel, ikaisha mwaka 1957.

Ni nyumba ya chini, nyeupe, paa limebebwa na nguzo 16 za chuma zenye umbo la msalaba, na kati ya vipande vya paa mwanga unashuka kupitia vioo. Katikati ya sebule sakafu imechimbwa mraba, unateremka ngazi, pembeni kote ni makochi na mito. Mito yenyewe ilibadilishwa vitambaa kwa msimu. Kupiga picha ndani hairuhusiwi, kukaa pia hairuhusiwi. Mjomba aliliangalia lile shimo muda mrefu. "Ni baraza," akasema, "ila wameizamisha ndani ili jirani asiwaamkie."

Jumapili tukaenda Plano, Illinois. Huko saa inarudi nyuma moja, na mimi nilisahau, tukafika mapema mno tukala vitumbua vya mwisho kwenye maegesho. Kutoka kituo cha wageni unatembea karibu kilomita moja kando ya mto Fox. Mwenye goti bovu ajue hilo. Mjomba alipumzika mara mbili.

Nyumba ya Dkt. Edith Farnsworth, daktari wa Chicago, ilibuniwa na Mies van der Rohe, mbunifu mzaliwa wa Ujerumani, na kukamilika mwaka 1951. Nguzo nane za chuma cheupe, sakafu juu, paa juu, vioo pande zote nne. Inaelea. Mimi ilinikamata koo, sioni haya kusema. Mjomba aliuliza mtu anabadilishia nguo wapi, na kumbe ndilo lilikuwa lalamiko la mama mwenyewe. Yeye na Mies walifikishana mahakamani kwa ajili ya pesa za ujenzi. Alipoiuza mwaka 1972 iliangukia kwa Palumbo, yule yule wa pembe sita na vibanda vya simu.

Sakafu iko mita 1.6 juu ya ardhi, ikidhaniwa mto hautafika. Ulifika mwaka 1954, ukarudi 1996 ukavunja na vioo, ukarudi tena 2008. Wengine walipokuwa ndani wakisifia mbao na mawe, mjomba alikuwa amechuchumaa nje, anachungulia chini ya sakafu, akitafuta alama ya maji kwenye nguzo. Hakuiona, wameshapaka rangi. Alipoinuka alisema chuma kimeunganishwa safi hadi huoni walipochomelea, na kwamba angeijenga pale pale, ila mita tatu juu. "Basi haitakuwa hii," nikamwambia. Akakubali, isingekuwa hii.

Jumatatu usiku tukampigia baba simu Tanga. Mjomba alimsimulia nusu saa: zege lililolala, nyumba ya vioo, shimo la kukalia, na kwamba tumeingia hadi sebuleni kwa mwenye Cummins. Baba alisikiliza kimya, kisha akauliza: "Shemeji, na umeme ukikatika hapo, jenereta aliweka ya nani?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekumbuka kuuliza.