Amitriptilini si peremende ya usingizi
Wana Kigoma, mnaojinunulia dukani amitriptilini, dawa ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), ili mlale, tusikilizane. Kidonge cha miligramu 25 humezwa usiku kwa sababu kinalaza, na uzito wa usingizi huo unaweza kuendelea hadi asubuhi. Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi asikimeze halafu akapanda mtumbwi. Amweleze daktari kwamba anakesha ziwani, apangiwe saa nyingine.

Kinywa kukauka na choo kigumu ni kawaida, ongeza maji na mboga. Presha hushuka ukiinuka ghafla, kwa hiyo kaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Mkojo ukigoma kutoka, nenda hospitali, hasa mzee mwenye tezi dume.

Ukipimwa malaria, itaje dawa hii kabla ya kupewa mseto: zote mbili zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ukiichanganya na tramadoli, dawa ya maumivu, unakaribisha degedege. Gongo ndiyo usiguse kabisa.

Nafuu ya sonona huchukua wiki 2 hadi 4. Wiki hizo, vijana chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Na pakiti zisirundikwe nyumbani. Vidonge vikizidishwa vinaweza kuua. Usiache ghafla pia, daktari akupunguzie dozi taratibu kwa wiki kadhaa.