Cipla: ilivyokua, na kidonge kilichotufikia Nyanda za Juu Kusini

Historia ya Cipla, kampuni ya dawa ya India, kwa kawaida huanzia 1935, Khwaja Abdul Hamied alipoianzisha Bombay, kisha 1939 Gandhi alipoitembelea. Sawa. Lakini kwa anayetoa dawa Njombe, Iringa au Mbeya, mikoa ambayo VVU imeiumiza kuliko mingi nchini Tanzania, mwaka wa kushika ni 1972.

Hapo ndipo sheria ya hataza (haki ya pekee ya mvumbuzi) ya India ya 1970 ilipoanza kutumika. Upande wa dawa, ililinda njia ya kutengeneza, si dawa yenyewe. Mkemia akipata njia nyingine ya kufikia molekuli ileile, ruksa kuuza.

Februari 2001, Yusuf Hamied, mwana wa mwanzilishi, akaahidi Médecins Sans Frontières (Madaktari Wasio na Mipaka) dawa tatu za kufubaza VVU kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka. Bei ya kampuni za Magharibi ilizidi dola 10,000. Magazeti yakaishia kwenye bei. Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kidonge chenyewe: Triomune ilibeba stavudine, lamivudine na nevirapine pamoja. Kwingineko dawa hizo zilikuwa mikononi mwa kampuni tatu tofauti, hivyo kuzichanganya kulikuwa kugumu.

Kilikuwa na masharti yake. Triomune 30 ilikuwa kwa aliye chini ya kilo 60, Triomune 40 kwa aliyezidi, asubuhi na jioni. Siku 14 za kwanza nevirapine ilitolewa mara moja tu kwa siku, miligramu 200, kwa hiyo jioni mgonjwa alimeza lamivudine na stavudine bila hiyo ya tatu. Ini linahitaji muda kuzoea kuivunja. Ukianza na dozi kamili, hatari ya vipele vikali na ini kuumia hupanda. Stavudine nayo ilileta ganzi miguuni na mashavu kubonyea, hadi 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri iondolewe.

India ilirudisha hataza za dawa zenyewe 2005. Cipla haikusimama: 2013 ilinunua Medpro ya Afrika Kusini.

Siku hizi kopo la CTC (kliniki ya matunzo na tiba ya VVU) ni TLD, nayo Cipla ni mmoja wa watengenezaji kadhaa: tenofovir miligramu 300, lamivudine 300, dolutegravir 50, kidonge kimoja kwa siku. Kinachoiharibu mara nyingi hutoka duka la dawa la jirani. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu huikamata dolutegravir tumboni isifyonzwe, kwa hiyo TLD imezwe saa mbili kabla yake au saa sita baada. Anayetumia rifampicin kwa kifua kikuu huongezewa dolutegravir miligramu 50 saa 12 baada ya TLD.