Kuotesha haibiskasi ya kudumu ndani ya nyumba, nje kungali na theluji

Nilipomweleza mama yangu kwa simu kwamba ninaotesha mbegu za haibiskasi jikoni, alicheka kwanza, kisha akaniambia, “Mwanangu, ua hilo huchomekwa, halipandwi kwa mbegu.” Kwa upande wake alikuwa sahihi kabisa. Huko Muheza nilikokulia, mtu akitaka haibiskasi hukata tawi lenye unene wa kidole kutoka kwenye ua wa jirani, hulichomeka ardhini mvua za masika zinapoanza, na baada ya muda si mrefu ana ua wa kwake. Sikumbuki hata siku moja kumwona mtu akitafuta mbegu zake.

Haibiskasi ninayoishughulikia hapa Columbus, Ohio, ni ya ukoo uleule lakini haifanani na ile kwa tabia. Ile ya uani kwetu, Hibiscus rosa-sinensis, huuawa na jalidi. Hii, Hibiscus moscheutos, ni mmea wa asili wa vinamasi na kingo za mito ya mashariki mwa Marekani, na katika jimbo hili huota yenyewe hata kwenye vinamasi vya kando ya Ziwa Erie. Mashina yake hufa hadi usawa wa ardhi kila majira ya baridi, mizizi hubaki hai chini ya theluji, na mwaka unaofuata huchipua upya na kufikia kimo cha mtu mzima. Ua la aina zilizoboreshwa huweza kuwa na upana wa sentimita 25, yaani sahani nzima ya wali, na kila ua hudumu siku moja tu.

Mbegu zangu nilizipata kwa jirani, mama mstaafu ambaye huacha vitumba vya mbegu vya haibiskasi yake vikauke juu ya shina hadi mwezi wa Oktoba. Kila kitumba kina vyumba vitano vilivyojaa mbegu za mviringo, za rangi ya kahawia, ndogo kuliko punje ya pilipili manga. Alinionya kwamba maua yatakayotoka huenda yasifanane na yale mekundu aliyonayo, kwa sababu mmea wake ni chotara, na mbegu za chotara hazirithi sura ya mama kwa uhakika. Alinionya pia kuhusu fukusi, na kwa hilo namshukuru, kwani mbegu kadhaa zilikuwa na vitundu, nami nililazimika kuzitupa. Zilizobaki nilizikausha vizuri juu ya gazeti, nikazitia ndani ya bahasha na kuziweka kwenye friza kwa siku chache ili wadudu waliosalia ndani wafe. Mbegu iliyokauka ya mmea uliozoea baridi hii haidhuriki kwa kugandishwa.

Mwaka wa kwanza nilishindwa vibaya. Nilichukua mbegu 20, nikazifukia zilivyo katika trei ya miche, nikaiweka trei dirishani na kuimwagilia kila asubuhi kwa bidii ya mtu asiyejua anachokifanya. Baada ya wiki tano ilikuwa imeota miche miwili. Nilidhani mbegu zilikuwa zimekufa, mpaka nilipofukua chache na kuzikuta ngumu na kavu kama siku nilipozipanda, ijapokuwa udongo uliozizunguka ulikuwa umelowa chepechepe. Maji hayakuwa yameingia hata kidogo.

Tangu hapo nimeamini kwamba karibu kila anayeshindwa na mbegu hizi hushindwa na ganda. Ganda la haibiskasi hii limeumbwa lizuie maji, ili mbegu zisiote zote kwa pamoja katika siku moja ya joto la udanganyifu katikati ya majira ya baridi. Huko kinamasini, kuganda na kuyeyuka kwa udongo kwa miezi kadhaa hulilegeza ganda hilo polepole. Ndani ya nyumba kazi hiyo ni yako. Waliowahi kupanda bamia watanielewa upesi, maana wengi wetu tulifundishwa kuziloweka mbegu za bamia usiku kucha kabla ya kuzipanda. Bamia na haibiskasi ni ndugu wa karibu kiasi kwamba Linnaeus mwenyewe, mtaalamu wa Uswidi aliyeipa mimea majina ya kisayansi, mwaka 1753 aliiweka bamia katika kundi la Hibiscus, kabla ya wataalamu wa baadaye kuihamishia kwingine. Tofauti ni kwamba bamia nyingi huridhika na maji peke yake, ilhali mbegu hii hutaka kwanza ifunguliwe mlango.

Mimi hutumia kikata kucha. Naishika mbegu kati ya kidole gumba na cha shahada, naitafuta alama ndogo ilipokuwa imeshikana na kitumba, kisha nakata kipande chembamba mno cha ganda upande ulio mbali na alama hiyo, kwa sababu mzizi mchanga hutokea karibu nayo na ukijeruhiwa kazi imeishia hapo. Panapoonekana weupe kwa ndani, nasimama. Mwenye mbegu nyingi, au mwenye macho yaliyochoka kama yangu nyakati za jioni, anaweza kuvisha msasa ndani ya chupa ndogo yenye mfuniko, akatia mbegu na kuitikisa kwa dakika kadhaa hadi zipoteze mng’ao. Wapo wanaozimwagia maji yanayochemka. Njia hiyo siipendi, kwa kuwa hatua kati ya kulegeza ganda na kupika mbegu ni fupi sana.

Baada ya kukatwa, mbegu hulala katika maji ya uvuguvugu kwa saa 12 hadi 24. Asubuhi yake ndipo unapopata jibu, nalo huonekana kwa macho: zilizopokea maji huwa zimevimba, pengine mara mbili ya ukubwa wake, na zilizobaki ndogo hazikukatwa vya kutosha. Hizo nazirudia kwa kikata kucha na kuziloweka tena. Siziamini kanuni za kutupa mbegu zinazoelea, kwani nimepata miche mizuri kutokana na mbegu zilizoelea usiku mzima. Wengine husisitiza kwamba ni lazima mbegu zilazwe kwanza kwenye friji kwa wiki kadhaa pamoja na mchanga wenye unyevu. Mwaka jana nililaza nusu ya mbegu zangu kwa njia hiyo na nusu nyingine nikazikata tu, na sikuona tofauti yoyote.

Jambo la pili ni joto, na hapa nazungumzia joto la udongo. Jikoni kwetu mwezi Machi kuna nyuzi 19 za Selsiasi wakati wa mchana, lakini udongo ulio kando ya kioo cha dirisha hushuka usiku hadi nyuzi 14, na katika baridi hiyo mbegu iliyokwisha kunywa maji haioti, bali huoza. Nilinunua mkeka wa umeme wa kupasha trei kutoka chini, nikachomeka kipimajoto udongoni, na sasa nauweka udongo kati ya nyuzi 24 na 27. Napanda kila mbegu kwa kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja, katika udongo mwepesi wa kuoteshea mbegu, wala si udongo wa bustanini ambao huja na magonjwa yake, na nafunika trei kwa plastiki angavu. Mche wa kwanza hutokeza siku ya tano au ya sita, na mingi hufuata kabla ya wiki mbili kutimia. Baadhi hutoka udongoni ikiwa bado imevaa ganda kichwani kama kofia. Hiyo naidondoshea tone la maji, nasubiri saa moja au mbili, kisha nalivua ganda kwa ncha ya kijiti. Kulivuta likiwa kavu ni kuyang’oa majani pamoja nalo.

Mara nusu ya mbegu zinapoota, plastiki huondoka. Nilichelewa kuiondoa mwaka wa pili, na kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche michanga, kikapita katika trei kwa usiku mmoja: miche iliyokuwa imesimama wima jioni ilikuwa imelala asubuhi, mashina yake yamenywea pale yanapokutana na udongo. Kosa langu lilikuwa kufikiri kwamba mmea wa kinamasini hauwezi kuzidiwa na maji. Mmea uliokomaa kweli huvumilia kusimama majini, lakini mche wa wiki moja hauna mizizi ya kuyahimili, na fangasi wa kinyausi hustawi palepale udongo ulipolowa na hewa imetulia. Sasa namwagilia kutoka chini, kwa kuiweka trei ndani ya sinia lenye maji kwa dakika 20 na kuitoa, na nimeweka feni ndogo inayopuliza kwa mbali.

Kuhusu mwanga sina mengi: taa ya LED iwe karibu, saa 14 hadi 16 kwa siku, na iinuliwe kadiri miche inavyorefuka. Dirisha peke yake hutoa miche mirefu na dhaifu inayoegemea upande mmoja. Ikishapata majani mawili au matatu halisi naihamishia kwenye vyungu vya upana wa sentimita 10.

Hesabu ya tarehe huanzia mwisho, yaani siku ambayo hutarajii tena jalidi. Hapa Columbus mimi huchukua katikati ya Mei, narudi nyuma wiki kumi hadi kumi na mbili, na hivyo hupanda mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kuwahi huko kuna faida, maana mche uliopata mwanzo mzuri ndani huweza kutoa maua mwaka huohuo, mwezi Agosti au Septemba. Kabla ya kuuhamishia bustanini nauzoesha nje kwa siku kumi, kwanza kivulini kwa saa chache, baadaye juani, na nauingiza ndani usiku ukiwa na baridi chini ya nyuzi 10.

Miche tisa ya mwaka jana niliipanda kandokando ya uzio, mahali panapotuama maji ya mvua, nikiiachia nafasi ya karibu mita moja kati ya mmoja na mwingine. Minne ilichanua mwezi Septemba, mitatu ikiwa na maua ya waridi na mmoja meupe yenye moyo mwekundu, na wote hakuna uliofanana na mama yao. Mwezi Mei uliopita, tulipu za jirani zilipokuwa zimekwisha kupukutika, pale uzioni hapakuwa na dalili yoyote ya uhai, na nilikuwa nimeshika jembe tayari kupanda kitu kingine. Jirani aliniita kutoka barazani kwake na kuniambia niliweke chini, kwa sababu mmea huu huwa wa mwisho kuamka. Nilichomeka vijiti tisa kuonyesha mahali, na kabla ya mwezi kwisha vichipukizi vyekundu vilikuwa vimetokeza kwenye vijiti vinane.