Viti 58 kabla ya kufunga shule

Mitihani ya muhula wa kwanza ikishaisha, shule ya ufundi hubaki na siku nane au tisa zisizo na mwenyewe. Walimu wanasahihisha, ripoti zinajazwa, wanafunzi wanazurura na mifagio. Kila Juni ushauri ninaopewa ni uleule: andaa maonyesho ya siku ya kufunga, wazazi waone kitu. Kitu chenyewe huwa daraja la vijiti au taa za barabarani zinazowaka kwa betri, kisha kinarudi kabatini kusubiri mwakani. Safari hii nilikataa. Nyuma ya bwalo kulikuwa na lundo la viti vya chuma vilivyovunjika, nikasema tutavichomelea na wazazi watavikalia. Mkuu akaniuliza kama nina uhakika. Nikamjibu ninao. Sikuwa nao.

Viti karibu vyote vilikatika mahali pamoja, pale mguu wa nyuma unapokutana na fremu ya kukalia, kwa sababu mwanafunzi hawezi kukaa bila kuegemea miguu miwili. Ukitazama mshono wa zamani unaona ulikaa juu ya rangi, haukuingia kwenye chuma hata kidogo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni grainda, mashine ya kusagia chuma: ondoa rangi na kutu sentimita tatu kila upande mpaka chuma king'ae. Koleo la ethi, lile linalorudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea, nalo libane penye chuma kitupu. Likibana kwenye rangi, rodi, yaani kijiti kinachoyeyuka kuwa mshono, inatema cheche na kunata, na kijana ataapa kwamba mashine ni mbovu.

Fundi mmoja wa mtaani alinisisitizia ninunue rodi nene za geji 10 (namba ya geji ikipanda, unene unapungua), eti zinakwenda haraka. Zinakwenda kweli, hadi upande wa pili. Viti hivi ni skwea paipu, bomba la mraba, ya milimita 25 kwa geji 18, yaani ukuta wa milimita 1.2, na rodi ya geji 10 inataka moto wa ampea 90 kwenda juu. Viti vitatu vya mwanzo tulivitoboa matundu ya kuingia kidole. Tukahamia geji 12 kwenye ampea 55 hadi 60. Usiuburuze mshono kama unavyofanya kwenye bamba nene. Piga nukta, inua, hesabu mpaka wekundu ufifie, piga nyingine ikilalia nusu ya ile ya kwanza. Gonga gamba linaloganda juu ya mshono kabla ya kuongeza, la sivyo unalifukia ndani na mshono unakatika hapohapo.

Matundu yale niliyaziba kwa ujanja ambao mafundi wengi wanaujua lakini vitabu vya shule haviusemi. Chukua rodi nyingine, igonge mpaka unga wote udondoke, ubaki na waya mtupu. Ulaze waya huo juu ya tundu, kisha uuyeyushe kwa rodi ya kawaida ukianzia ukingoni penye chuma kizima. Waya unakula moto ambao ungeendelea kutoboa. Kijana wa Kidato cha Tatu akiona tundu lake linafunga hivyo, anatembea kama mhandisi siku nzima.

Sasa nije kwenye aibu. Viti kumi vya kwanza vilivyopona vyote vilicheza. Unakaa, kinakwenda kushoto. Unajirekebisha, kinarudi kulia. Nikatoa amri ambayo kila mtu angeitoa: kata mguu mrefu. Tukakata milimita tatu, kikacheza upande mwingine. Tukakata na huo. Kufikia mchana kiti kimoja kilikuwa kimeshuka kiasi cha kumfaa mtoto wa chekechea, na bado kilicheza. Vijana walikuwa wananisubiri nicheke ili nao wacheke.

Miguu haikuwa na kosa lolote. Mshono ukipoa husinyaa na kuvuta chuma upande wake, na sisi tulikuwa tunamaliza kona moja kabisa ndipo tuhamie ya pili. Fremu ilikuwa imejipinda kama chapati iliyoachwa juani, na ukikata mguu unahamisha tu mpindo. Dawa yake ni msumeno wa chuma: chana nusu ya boriti ya chini inayounganisha miguu, kaa juu ya kiti kwenye sakafu ya terazo, mwenzako asukume mpaka miguu yote minne iguse, apige taki, nukta ndogo ya kushikilia, hapohapo ukiwa bado umekaa (kitambaa kizito mapajani, tafadhali), halafu ushuke ndipo amalizie. Kiti kinachocheza chini ya milimita moja kiache, mpira wa mguuni utameza.

Vilivyofuata havikucheza, kwa sababu tulitengeneza jigi, yaani kiunzi cha kubania kiti kisijipinde. Tulichukua meza ya zamani yenye bamba, tukachomea vipande vinne vya engo, chuma cha umbo la L, pale miguu inapotakiwa kukaa, na kabari mbili za mbao za kubania. Unapiga taki kwenye kona zote nne, unapima pembe kwa pembe kwa futi, namba mbili zikilingana unachomea: kona moja, kisha iliyo mkabala wake, kamwe zisiwe jirani. Usikitoe kiti kwenye jigi kikiwa bado cha moto. Tangu hapo tulikuwa tunatoa viti tisa au kumi kwa siku.

Siku ya nne ekstensheni iliyeyuka. Ilikuwa imeviringwa kwenye gurudumu lake, mita tatu tu nje, na mashine imekula moto asubuhi nzima. Waya ulioviringwa hauna pa kutolea joto. Unyooshe wote hata kama mashine iko jirani na soketi.

Kwa miguu, kofia za plastiki za 25 dukani ziliisha, tukakata vipande vya tairi la pikipiki, upana umezidi tundu kidogo, vikaingizwa kwa nyundo. Kandambili tulizijaribu, zinatoka siku ya pili. Mbao za kukalia ni paini, na paini hupasuka ukilazimisha skrubu, hivyo toboa kwanza kwa kekee ya milimita 3 kwa skrubu ya 4, usikaribie ukingo chini ya sentimita mbili. Gharama yote, rodi, diski, prayma nyekundu na rangi, haikufika laki mbili, labda ilikaribia. Uniti za umeme wa LUKU sikuzihesabu na sikuulizwa.

Kilichoniokoa kuliko vyote ni visahani. Muhula wa kufunga ndio muhula wa vifaa kupotea. Kila mwanafunzi alikata visahani vitatu vya bati, akagonga namba yake. Ukichukua tupa, unatundika kisahani kwenye msumari wa tupa. Ukutani nyuma ya kila kifaa tulichora umbo lake kwa rangi nyeupe, na saa tisa na nusu jioni huhitaji kuita majina. Nafasi nyeupe isiyo na kifaa inakuambia nani asiondoke.

Kerezo, mashine ya kuchonga chuma kinachozunguka, tuliifunga siku ya mwisho: chembe zote kwa brashi, kamwe si kwa upepo wa kompresa, kisha oili safi kwenye kitanda. Kuna wanaopaka oili chafu ya gari. Ile imebeba masizi na chembe za chuma, na utaifuta Julai ukiwa unaisugua mashine yako kwa msasa.

Siku ya kufunga wazazi walikaa, hotuba zikawa ndefu, hakuna kilichovunjika. Kile kiti cha chekechea kiko karakana, nakikalia ninapotumia grainda. Spana namba 13 haijaonekana. Msumari wake una kisahani, lakini namba iliyogongwa inaweza kuwa 6, inaweza kuwa 9, na wenyewe wote wawili wameshapanda basi.