Kamba za Mashua

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu la juma hili ni Matendo ya Mitume sura ya 27. Naomba msiisome kwa vipande. Isomeni kwa mkao mmoja, kama mtu anavyosoma barua iliyotoka nyumbani. Tumezoea kuihubiri sura hii kama habari ya imani ya Paulo, na ni kweli. Lakini ni habari ya biashara pia. Ile merikebu ilitoka Iskanderia, imepakia ngano, inakwenda Italia. Ndani yake yumo nahodha, wamo mabaharia wanaoishi kwa kazi hiyo, wamo askari na wafungwa, na mstari wa 11 unamtaja mtu ambaye wahubiri wengi tunampita bila kumsalimu: mwenye merikebu. Jumla yao watu 276.

Majira ya kusafiri yalikuwa yamepita, Paulo akaonya, ila waliosikilizwa ni nahodha na mwenye merikebu. Upepo wa kusini ukavuma kidogo, wakadhani mambo yamenyooka. Ndipo Eurakilo, ule upepo wa tufani, ikawashukia.

Mimi Eurakilo yangu niliiona Machi 2020 hapa Arusha. Nilikuwa mhasibu wa kampuni ndogo ya utalii, magari saba, wafanyakazi 23 ukinihesabu na mimi. Mwanzoni mwa mwezi tulikuwa na wageni Serengeti, na upepo wa kusini ulikuwa unavuma vizuri tu. Tarehe 16 Serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini, tena hapa hapa Arusha. Kesho yake tukasikia shule zinafungwa. Barua pepe zikaanza kuingia, na zote zilisema mambo mawili: tunaahirisha, turudishieni fedha. Aprili 11 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa.

Niwaeleze kidogo wale ambao hamjafanya kazi hii, maana bila hilo hamtaelewa ugumu wake. Kampuni ya utalii huishi kwa malipo ya awali. Aprili na Mei ni masika, magari yanalala gereji, na fedha ya mgeni wa Julai ndiyo inayonunua matairi na kulipa fundi wakati huo. Kwa hiyo mgeni wa Julai anapodai chake mwezi Machi, anadai kitu ambacho kimeshageuka springi na breki. Hujaiba, hujafuja, na bado huna cha kumrudishia.

Na hatukuwa peke yetu. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.5 kutoka nje. Mwaka 2020 hawakufika laki 7. Nyuma ya tarakimu hizo wako wagumu wanaobeba mizigo Kilimanjaro, ambao hulipwa kwa safari, na pasipo safari hakuna malipo. Yuko mama wa soko la Kilombero aliyekuwa akipeleka karoti na pilipili hoho hotelini kila asubuhi. Wako walimu wa shule binafsi ambao ada ilipokoma, mishahara yao ikakoma nayo. Wengine wenu mnaosoma hapa mlikuwa miongoni mwao.

Sasa tazameni mpangilio wa mambo katika somo. Mstari wa 17, wanaikaza merikebu kwa kupitisha kamba chini yake. Mstari wa 18, wanaanza kuitupa shehena baharini. Mstari wa 19, siku ya tatu, wanatupa vyombo vya merikebu "kwa mikono yao wenyewe". Mwisho kabisa, mstari wa 38, inakwenda ngano iliyobaki, ile ambayo ndiyo sababu ya safari yote. Paulo hakuwakataza. Hakusema tuombe tu, msitupe kitu. Kupunguza uzito wakati wa tufani si kukosa imani, na mwajiri Mkristo anayefunga tawi au kuuza mashine hana haja ya kujiona amemwasi Mungu. Ila angalieni kilichotupwa. Shehena, vyombo, ngano. Katika siku 14 zile hakuna mtu aliyetupwa.

Ninajua ofisi zilizofanya kinyume. Upepo ulipovuma tu, juma la kwanza, walianza kutupa watu: mlinzi, mfagizi, dereva wa mwisho kuajiriwa, kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili. Magari yakabaki yamepangwa uani yakisafishwa. Hata sheria ya nchi hairuhusu hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na akae nao kushauriana kama kuna njia ya kuepuka au kupunguza. Na kifungu cha 42 kinampa mtu kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10. Tunalisoma Neno la Yakobo kuhusu ujira wa wavunaji uliozuiliwa unaopiga kelele, halafu tunashindwa na kifungu cha sheria kilichoandikwa na wanadamu. Hili linaniumiza.

Lakini sikuandika tafakari hii niwahukumu waajiri. Nimeandika kwa sababu ya mstari wa 30.

Usiku wa 14 mabaharia walitaka kuikimbia merikebu. Walikwisha kuishusha mashua baharini, "kana kwamba" wanataka kwenda kutia nanga za omo, yaani za mbele ya merikebu. Hebu litafakarini hilo "kana kwamba". Kutia nanga ni kazi halali ya baharia, na usiku kama ule hakuna abiria angeuliza. Waliotaka kukimbia ni wale wale wanaojua chombo kimefikia wapi, na walikuwa wanakimbia wakiwa wamevaa sura ya kufanya kazi.

Mwishoni mwa Machi ile nilikaa ofisini peke yangu na karatasi ya mishahara. Nilijua kilichoko benki kinatosha mishahara ya mwezi mmoja na chenji kidogo. Wengine hawakujua. Nikaandika mshahara wangu kama kawaida, kisha chini yake nikaongeza mstari mmoja: "posho ya kufunga hesabu", kiasi cha mshahara wa miezi miwili. Hesabu za mwaka kweli zilikuwa zinahitaji kufungwa. Nilikuwa na watoto watatu na kodi ya nyumba ya miezi sita mbele yangu. Nikampelekea Mama, ndivyo tulivyomwita mwenye kampuni, akasaini bila kusoma kwa sababu aliniamini. Fedha ikaingia kwenye akaunti yangu siku hiyo hiyo. Nililala vizuri, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Jumatatu Mama akaitisha kikao uani, chini ya mjakaranda. Tulikaa juu ya viti vya kambi, vile vya turubai vinavyokunjwa. Akasema, "Sina la kuwaficha. Mhasibu, wasomee kila kitu, kilichoingia na kilichotoka." Sikulitarajia hilo. Nikaanza kusoma: bima, bandari kavu, gereji, mafuta. Nilipofika kwenye ule mstari nikapunguza sauti. Mpishi wetu mkongwe, mzee aliyekuwa akitoka na wageni porini kabla mimi sijamaliza shule ya msingi, akainua mkono.

"Mwanangu, hiyo posho ya kufunga hesabu ni ya nani?"

Nikasema ni yangu.

Uani pakawa kimya. Nasikia mpaka leo tone la maji kwenye bomba la kuoshea magari. Mzee hakupaza sauti. Akasema tu, "Basi irudi kapuni, baba, tugawane wote." Mama alinitazama, hakusema neno.

Paulo alimwambia akida, mkuu wa askari, "Hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka." Ndipo askari wakazikata kamba za mashua, wakaiacha ianguke. Mimi kamba zangu alizikata mpishi. Nilirudisha ile fedha jioni ile kwa simu, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kama wenzangu walivyokuwa wakiogopa. Sikuwa tena na mashua. Nikaanza kufanya kazi.

Tulikubaliana wote tuchukue nusu mshahara, kuanzia kwa Mama mwenyewe. Magari mawili yaliuzwa kwa bei ya hasara, na yeye ndiye aliyewakabidhi wanunuzi funguo, kwa mikono yake mwenyewe. Tulikwenda benki, mimi na yeye, tukaweka hesabu mezani jinsi zilivyo. Mei ile Benki Kuu ilikuwa imeshusha riba yake kwa mabenki kutoka asilimia 7 hadi 5 na kuyapa nafasi ya kulegeza masharti ya mikopo ya walioathirika, kwa hiyo tulisikilizwa, marejesho yakasogezwa. Wageni waliodai fedha tuliwaandikia mmoja mmoja. Wengi walikubali tuwatunzie safari yao. Wachache walikataa, nao tuliwalipa polepole.

Na tulikula pamoja. Naomba msilione hili dogo. Mstari wa 33 hadi 36, Paulo anawasihi wale chakula, anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega, na wote wanachangamka. Mtu aliyekosa kazi huacha kula kabla chakula hakijaisha nyumbani, kwa sababu ya aibu. Yule mzee alikuwa na ujuzi wa porini wa kuoka mikate ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Kila Jumatano alioka pale uani, unga tukichangishana, na kila mmoja aliondoka na mkate mmoja mkononi, ungali moto, umefungwa kwa gazeti. Wapo waliokuja Jumatano tu, kwa ajili ya mkate, wakajikuta wamezungumza na mtu.

Nisiwadanganye kuhusu mwisho wake. Kampuni ile haipo leo. Anga lilifunguliwa tena Mei 18 mwaka ule, lakini wageni walirudi kwa matone, na mwaka uliofuata Mama alifunga kwa utaratibu, kila mtu akapata chake kilichoandikwa kisheria. Paulo alipowatia moyo aliwaambia wazi: hakuna nafsi itakayopotea, "ila merikebu tu". Ahadi ile ilitolewa kwa ajili ya merikebu ile na siwezi kuichukua nikaibandika kwenye duka lako au ofisi yako. Ninachoweza kusema ni kwamba tumefunzwa kuombea biashara isivunjike, na Mungu katika sura hii aliiacha ivunjike huku akihesabu watu. Mstari wa mwisho unasema walifika wengine juu ya mbao na wengine juu ya vitu vya merikebu. Yule mpishi ubao wake ulikuwa sufuria. Mpaka sasa ana tanuri la mikate Ngaramtoni na vijana wawili wa kumsaidia. Dereva wetu mmoja alilima mboga, mwingine aliendesha bodaboda hadi utalii uliporudi.

Neno moja kwetu kanisani. Tufani ile ilipokuwa kali nilisikia mahubiri kwamba aliyepoteza kazi achunguze fungu lake la kumi. Wapendwa, tusifanye hivyo tena. Ndani ya merikebu ile alikuwamo mtume wa Mungu, na tufani ikampiga kama ilivyompiga mfungwa aliyekaa karibu naye. Siku nyingi jua wala nyota havikuonekana, na Luka, ambaye alikuwa mwamini, anaandika kwa kalamu yake kwamba walikata tamaa ya kuokoka. Hakujitoa. Ameandika "tukakata". Mwenye kukata tamaa katikati yetu ana mwenzake ndani ya Maandiko.

Upepo huu haujakoma kuvuma. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu wa miradi ya afya, hapa kwetu na kwa jirani zetu Kenya na Uganda, waliamka na kazi wakalala bila kazi. Na juma lililopita kijana wetu wa kwaya, yule wa sauti ya nne, amepewa barua yake. Ana mke na mtoto wa miezi minne. Hajaja mazoezini tangu siku hiyo, na nimeambiwa simu hapokei.

Alhamisi jumuiya itakuwa nyumbani kwake, saa 11 jioni. Nimeongea na mkewe, ameridhia. Somo litakuwa hili hili. Mwenye nafasi ya kazi anayoifahamu, hata ya muda, aje nayo. Mhasibu wa usharika naomba aje na hesabu ya mfuko wa diakonia, ule wa kusaidia wahitaji, tuisome mbele ya wote. Mimi nitapitia Ngaramtoni kuchukua mkate.